Maswali ya Wasomaji: Kaliba ya Kuwindia Elki Milimani

SWALI: Mimi ni mkazi wa Denver, Marekani. Wafanyakazi wenzangu wamenialika kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa Milima ya Rocky, na cheti cha mafunzo ya uwindaji nimeshapata. Kuhusu kaliba, yaani kipenyo cha risasi, wenzangu wananishauri nichukue bunduki ya .300 Winchester Magnum (hesabu ya inchi), muuza duka ananisifia 6.5 Creedmoor (hesabu ya milimita), na mjomba wangu, aliyekuwa askari wa wanyamapori Tanzania, anasema mnyama mkubwa hapigwi kwa chini ya .375. Nimsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, neno la mjomba wako ni sahihi kwa nyati na tembo. Risasi ya .375 H&H (Holland & Holland) ilitolewa Uingereza mwaka 1912, na heshima yake barani Afrika imetokana na wanyama wanaoweza kumgeukia mwindaji. Elki dume aliyekomaa huwa na kilo 300 na zaidi, lakini akishtuka hukimbia, na huenda ukampata akiwa ng'ambo ya bonde, ambako .375 haitakupa faida inayolingana na uzito wake.

Sheria ya Colorado, jimbo lenu, inataka, kwa elki, kaliba isiyopungua inchi .24 na kichwa cha risasi kisichopungua greni 85 (takriban gramu 5.5). Hicho ni kiwango cha chini kabisa, na mwindaji mgeni asikikaribie. 6.5 Creedmoor inamfaa mlengaji mtulivu anayeweza kungoja mnyama ageuze ubavu. Wewe ningekushauri uchukue .308 Winchester au .30-06 Springfield. Nikitakiwa kutaja moja, nataja .30-06, iliyoanza kutumika mwaka 1906 na ambayo risasi zake hazisumbui kupatikana. Hurusha kichwa cha greni 180 kwa kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde. Hiyo .300 ya wenzako huongeza takriban mita 80 kwa sekunde juu ya kasi hiyo, na bega lako ndilo litakalolipa.

Hapo ndipo milima inapohusika. Kila anayepanda hadi mita 3,000 hutamani bunduki nyepesi, lakini kadiri bunduki inavyopungua uzito ndivyo teke lake, yaani inavyorudi nyuma na kukupiga begani, linavyozidi, na mtu akishaliogopa teke hufumba macho na kukivuta kifyatulio kwa pupa, risasi ikampata mnyama tumboni, naye akaenda kufia mahali msikoweza kumfikia. Mateso hayo yananiuma kuliko elki kumi waliokimbia salama, na ndiyo sababu ninapendelea kaliba ya wastani katika bunduki yenye uzito wa kutosha.

Usibane fedha kwenye risasi zenyewe. Chagua vichwa vya shaba tupu, au vile ambavyo kiini cha madini ya risasi kimeshikamanishwa na ganda lake, kwa kuwa havivunjiki vinapokutana na mfupa wa bega.

Kumbuka pia kwamba kushuka kwa risasi hufuata umbali wa mlalo, yaani ule unaopimwa kwa usawa, si kwa kufuata mteremko. Mnyama aliye mita 300 kwenye mteremko wa nyuzi 30 mlenge kama aliye mita 260, awe juu yako au chini yako. Ukisahau, risasi itapita juu zaidi ya ulipolenga. Kabla ya msimu, fanya mazoezi ukiwa umeketi au umepiga goti, wala si kwa kuegemeza bunduki mezani tu, na umbali ambao huwezi kuupatia shabaha kila mara katika mikao hiyo, usiujaribu kwa mnyama aliye hai.