Visu vimerudi, na bunduki ya upepo je?

Swali: Shikamoo mhariri, mi niko Leicester, zamani nilikua nakusanya visu nikaacha, sasa nimerudia tena, nina kisu cha kukunja cha Opinel namba 8, cha chuma cha kaboni, na bunduki ya upepo, nataka kwenda nazo kempingi Scotland, kuna noma?

Jibu: Marahaba. Bunduki bila cheti au kibali cha mgeni toka polisi iache home, Scotland wanadai tangu 31 Desemba 2016, hata kama kwenu England yenye nguvu chini ya futi-pauni 12 (kipimo cha nguvu ya risasi) haihitaji leseni. Opinel tamu sana (wivu!) ila ina loki (ya kushikilia makali yasijikunje), na cha kutembea nacho mfukoni bila sababu ni cha kukunja kisicho na loki, makali chini ya inchi 3, so kifungie ndani ya begi la kambi mpaka ufike. Ukimaliza kukata nyanya futa, kausha, paka mafuta, kaboni inashika kutu fasta na mpini wa mti ukilowa unavimba kisu kinagoma kufunguka.