Umeme Ukikatika, Gemu Yako Inakurudisha Wapi?

Ukitaka kununua gemu na unaishi Arusha au Moshi, usianze na picha wala hadithi yake. Uliza kwanza: inasevu lini, yaani inahifadhi lini pale ulipofikia? Masika, ngurumo zikishaanza upande wa Meru na taa ikaanza kucheza, swali hilo ndilo litaamua kama jioni yako imepotea au umepoteza dakika mbili tu. Nimezipima hivyo gemu nilizozicheza karibuni kwenye PS4, mashine ya gemu ya Sony, na nyingine ninazozipenda sana zimeanguka kwenye mtihani huu.

Kali kuliko zote ni Stardew Valley, ile ya shamba iliyotengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, ikatoka 2016. Ni gemu nyepesi, haili nafasi kwenye diski, haihitaji intaneti, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuicheza na mama yake. Lakini kwenye PS4 haisevu mpaka mhusika wako alale. Siku moja ya gemu huanza saa 12 asubuhi na kuisha saa 8 usiku, na kwa saa ya ukutani hiyo ni kama dakika 14 na kidogo, bila kuhesabu muda uliofungua menyu, maana ukifungua menyu saa ya gemu inasimama. Kwa hiyo kila siku ya shambani ni deni la robo saa ambalo umeme unaweza kulidai wakati wowote. Chukua siku ya mgodini. Umemwagilia mazao asubuhi, ukashuka kwa lifti hadi ghorofa ya 40, ukapambana mpaka 45, begi limejaa madini, saa nne usiku. Umeme ukikatika hapo, ukiwasha tena unaamka kitandani saa 12 asubuhi ile ile: mazao makavu, begi halina kitu, na lifti inaishia 40, kwa sababu hata ghorofa mpya inaandikwa ukishalala.

Dawa yake ni ndogo. Siku unayoona umeme hautulii, usiende mgodini wala kuvua. Mwagilia, chuma kilichoiva, kisha ulale mapema. Gemu haikukatazi kulala asubuhi. Umepoteza siku moja kati ya 28 za msimu, lakini mazao yamekua na kazi yako imeandikwa. Ushauri wangu mkubwa zaidi ni kuinunua ya simu. Toleo la Android, lililotoka 2019, linakuruhusu kurudi pale pale ulipoachia katikati ya siku, na simu ina betri yake. Vidole vitachukua muda kuzoea upanga bila pedi ya kuchezea, hilo sikufichi, ila kwa kilimo na uvuvi linatosha kabisa.

Hollow Knight ina utaratibu mwingine. Ilitengenezwa na Team Cherry, kundi dogo la Adelaide, Australia, ikatoka 2017 na kuingia PS4 mwaka uliofuata. Wewe ni kidudu chenye msumari kwa upanga, unashuka kwenye ufalme uliokufa chini ya ardhi. Michoro yake ya mkono na muziki wake vinanigusa mpaka leo. Sevu ya uhakika ni benchi: ukikaa, damu inajaa, hirizi zinabadilishwa, na kazi yako inaandikwa. Wengi husahau kwamba ramani nayo inachorwa hapo hapo. Unaweza kununua ramani ya eneo na kalamu, ukapita vyumba kumi vipya, lakini visionekane kwenye karatasi mpaka ukae kwenye benchi. Umeme ukikatika kabla, umepoteza njia pamoja na pesa ulizookota. Kwa hiyo ukiingia eneo jipya tafuta benchi kwanza, bosi (adui mkubwa) baadaye. Mabenchi mengine hulipiwa kwa pesa za ndani ya gemu, lipa, usifanye ubahili. Ukiamua kutoka kwa menyu gemu inasevu, ila ukirudi utaanzia benchi la mwisho, si pale uliposimama. Silksong, mwendelezo wake wa Septemba 2025, nayo ni ya mabenchi, na maadui wake wanauma zaidi.

Elden Ring ndiyo rafiki wa mtu mwenye umeme wa mashaka, jambo la ajabu kwa gemu inayosifika kwa ukatili. Inasevu yenyewe kila mara: umeokota kitu, umeua, umepanda kiwango, kialama kinawaka pembeni ya skrini. Umeme ukikatika unarudi karibu na pale ulipokuwa, na kama ulikuwa kwa bosi, unajikuta nje ya uwanja wake. Hatari yake ni moja: kwa kuwa inaandika mara nyingi, umeme unaweza kukata katikati ya kuandika na faili likaharibika. Na hii huna sevu za kando za kupanga mwenyewe, kwa hiyo bila nakala, saa zako zote zinaweza kwenda na faili moja. Wa PS5 wajue pia kwamba ilipotoka Februari 2022, toleo lao lilikuwa na tatizo la kutosevu vizuri mashine ikizimika ghafla. Apdeti ikalirekebisha, lakini apdeti inashushwa kwa bando. Ukinunua diski ya mtumba, hakikisha umeshusha kabla ya kuanza.

Red Dead Redemption 2 ni nzuri mno, na ni mzigo. Diski mbili, na inataka nafasi ya GB 105, wakati PS4 ya GB 500 inakuachia kama GB 400 tu za kutumia. Ukiwa huru porini unasevu mwenyewe wakati wowote: bonyeza Options, ingia Story, kisha Save Game. Ukishaingia kwenye misheni, huwezi. Misheni nyingine zinafika nusu saa pamoja na safari ya farasi, kwa hiyo sevu kabla hujamfuata mtu mwenye herufi kwenye ramani, maana ndiye anayeanzisha misheni.

Za mpira, yaani FIFA na sasa EA Sports FC, mechi ikikatika katikati haipo. Kwenye Career, ile ya kuongoza timu msimu mzima, unarudi kabla ya mechi, basi. Vipindi vya dakika 6 vinatosha. Vya dakika 10 ni kujitafutia majonzi. Ultimate Team, ile ya kujiundia timu kwa kadi za wachezaji, inahitaji intaneti muda wote, na umeme ukikata mara nyingi inahesabika umefungwa. Kwenye vibanda vya gemu, kubalianeni kabla ya kuanza nani atalipa mechi ikikatika dakika ya 80. Ugomvi mwingi unaanzia hapo.

Kinachobadilisha hesabu hizi zote ni UPS, kile kiboksi chenye betri kinachoshika umeme ukikatika. PS4 Slim ikicheza gemu inakula kama wati 80 hadi 90, TV ya inchi 32 weka 50. UPS ya VA 650 yenye betri mpya inawabeba wote wawili kama dakika 10 hadi 15. Lengo lake ni kukupa muda wa kufika benchi, kulala shambani, au kumaliza mechi, kisha kuzima kwa utaratibu. Ukisikia inalia, anza kutafuta mlango. Betri ikichoka baada ya miaka miwili mitatu inazima papo hapo bila kukupa hata dakika moja, kwa hiyo ijaribu kila mwezi: chomoa waya wa ukutani ukiwa kwenye menyu, uangalie saa. Subwoofa usiichomeke humo. Na yuniti za LUKU ziangalie kabla ya kukaa; kuzimikiwa kwa yuniti kuisha ni uzembe mtupu.

Kama huna UPS, umeme ukikatika zima swichi ya ukutani mara moja na usubiri dakika tano baada ya kurudi, kwa sababu unaporudi ndipo unapopiga kwa nguvu. Usiache mashine kwenye Rest Mode (kulala bila kuzimika kabisa) usiku; nayo ni kuwaka. Halafu kuna vumbi letu la kiangazi, laini kama unga, linaloziba feni mpaka PS4 inajizima kwa joto. Kwa sevu yako hilo halina tofauti na umeme kukatika. Feni ikianza kunguruma, mpelekee fundi aifungue na kuisafisha.

Kila Jumapili chukua flashi, iwe FAT32 au exFAT, nenda Settings, Application Saved Data Management, Saved Data in System Storage, kisha Copy to USB Storage Device. Sevu nyingi ni ndogo, zote zinaenea. Kwenye PS5, sevu za gemu za PS5 hazikubali flashi, zinahitaji PS Plus, huduma ya kulipia ya Sony inayohifadhi sevu mtandaoni. Zile za PS4 zinakubali.

Mashine ikigoma kuwaka vizuri baada ya kuzimikiwa, izime kabisa, ushikilie kitufe cha kuwashia kama sekunde saba mpaka usikie mlio wa pili. Itafunguka orodha ya Safe Mode. Unganisha pedi kwa waya, kisha chagua namba 5, Rebuild Database. Inaweza kuchukua dakika chache au saa kadhaa, na haifuti sevu zako. Namba 6 na 7 usiziguse: hizo zinafuta kila kitu.