Cheni Imelowa Oili Nje, Ndani Imekauka

Cheni yangu ya tatu ilikatikia njia ya Kimbiji, huku kwetu Kigamboni, nikiwa nimempakia mama mwenye mtoto mgongoni. Mungu alitusimamia. Pale pana mchanga mwingi, nilikuwa natembea na gia ya pili. Nilisikia "ta!", injini ikaunguruma bure, chombo kikaishiwa nguvu. Yule mama alimalizia safari kwa miguu na nauli sikumdai. Mimi nikasukuma pikipiki hadi jua likazama, hesabu ya bosi siku hiyo haikupatikana.

Kilichoniuma ni kwamba ile cheni nilikuwa naitunza. Kila asubuhi niliimwagia oili chafu, ile inayotolewa kwenye injini wakati wa kubadilisha. Kijiweni tulikuwa nayo kwenye chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, kila mtu anajimiminia. Cheni ilikuwa nyeusi, inang'aa, inadondosha. Ukiitazama huwezi kusema imekufa kwa ukavu.

Fundi mmoja mtu mzima wa Kibada ndiye aliyenifumbua macho. Alichukua kipande cha ile cheni, akasaga vichwa vya pini moja, kile kichuma kinachounganisha pingili, akaigonga kwa nyundo mpaka ikachomoka, kisha akaniwekea kiganjani. Pini ilikuwa imelika upande mmoja, ukiipitishia ukucha unahisi bonde. Akanipa na bushi yake, kile kijibomba ambamo pini inazunguka, nichungulie. Hamna hata tone la oili. Kulikuwa na unga mwekundu wa kutu, mkavu kama vumbi la tofali. Nje tope la oili na mchanga, ndani pakavu kabisa.

Tangu siku ile nimeacha kuhesabu oili niliyomwaga, naangalia oili iliyoingia. Tuna mazoea ya kusema cheni imevutika, lakini chuma chenyewe hakijavutika. Zimelika pini na bushi. Cheni ya namba 428, ambayo ndiyo imefungwa kwenye pikipiki nyingi za abiria, ina milimita 12.7 kutoka pini hadi pini, na pingili zake zinazidi 100. Kila pingili ikilegea sehemu moja tu ya kumi ya milimita, cheni nzima imeongezeka zaidi ya sentimita moja. Oili inahitajika humo kwenye pini. Huku nje inazuia kutu tu, na kiasi kidogo kinatosha.

Oili chafu haifai hata kama ni ya bure. Imebeba masizi na chembe za chuma kutoka kwenye injini, na ikishika mchanga inageuka msasa unaosaga meno ya spoketi, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni, kutwa nzima. Kwenye ngozi pia ni hatari, usiizoee mikononi. Grisi nayo ni nzito mno, haipenyi kufika kwenye pini, inabaki juu kukusanya vumbi. Mimi natumia oili ya gia, SAE 90, mpya. Chupa moja naitumia muda mrefu kwa sababu ninachoweka ni matone. Mwenye uwezo wa kununua dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya cheni, anunue, ni nzuri.

Kabla ya kuoili, safisha. Ukiweka oili juu ya uchafu unausukumia ndani. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka gia huru, zima injini na uchomoe ufunguo kabisa. Hapa nawaomba sana ndugu zangu. Kuna wanaowasha, wanatia gia ili tairi lijizungushe, wao wameshika tambara kwenye cheni. Mwenzetu mmoja kijiweni tambara lilivutwa, vidole vikafuata, akapoteza ncha za vidole viwili. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Zungusha tairi kwa mkono, hizo dakika tano hakuna anayekudai.

Fungua kava. Weka kipande cha boksi kati ya cheni na tairi, maana oili ikifika kwenye tairi au breki ni ajali. Chovya mswaki wa zamani kwenye mafuta ya taa, usugue pingili pande zote, halafu futa kwa tambara mpaka tambara litoke bila weusi. Petroli usiitumie, inashika moto upesi, na pikipiki yenye cheni ya ringi za mpira ndani utaziharibu hizo ringi. Hiyo ya ringi usiisugue hata kwa brashi ya waya. Ukimaliza iache ikauke vizuri, kwa sababu mafuta ya taa yaliyobaki ndani yatakuja kuifanya oili iwe nyepesi kama maji.

Sasa oili. Lenga ule upande wa cheni wa chini, lakini uso wake wa ndani, unaotazama juu. Cheni ikizunguka, mwendo unasukuma oili kwenda nje, kwa hiyo ukiiweka ndani itapita kwenye pini ndipo itoke. Dondoshea pale bamba la pembeni la pingili linapokutana na bamba jingine, mstari wa kulia, kisha mstari wa kushoto. Fanya jioni ukitoka barabarani, cheni ikiwa bado ina uvuguvugu, halafu iache ilale. Asubuhi ifute yote, mpaka ukigusa vidole vinatoka na unyevu kidogo tu. Hapa ndipo wengi wanabisha, wanaona wanafuta hela yao. Ile unayofuta haikuwa na kazi tena isipokuwa kunasa mchanga.

Vitabu vingi vya pikipiki vinataja kuoili kila kilomita 500 au karibu na hapo. Kwa sisi tunaotembea kilomita 100 kwa siku, hiyo ni siku ya nne au ya tano. Mvua ikikunyeshea, usisubiri, weka oili jioni hiyo hiyo. Na ukitoka kuosha chombo kwa mashine ya presha, endesha kidogo maji yatoke kwanza, ndipo uoili.

Ukimaliza, angalia ukazaji. Shika cheni katikati upande wa chini, ipandishe na kuishusha. Pikipiki ndogo nyingi zinataka mchezo wa milimita 25 hadi 35, na namba ya yako iko kwenye kitabu chake. Zungusha tairi utafute mahali ilipokaza zaidi, upimie hapo. Usiikaze kama waya wa gitaa. Ukipakia abiria wawili na mzigo, nyuma inashuka, cheni inazidi kukaza, na beringi za gia ndizo zinazolipa. Tazama na klipu ya kiungo, kile kibanio kidogo pale cheni inapounganishwa: upande wake uliofungwa uelekee kule cheni inakokwenda, vinginevyo jiwe moja linaweza kuifyatua.

Kujua kama imechoka, ikaze kwa mkono upime pingili 20, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Ile ya 428 ikiwa mpya ni milimita 254. Ikifika 259, badilisha, pamoja na spoketi zote mbili, kwa kuwa meno yaliyolika yataila cheni mpya.

Zamani cheni haikunifikisha miezi minne. Hii niliyo nayo imemaliza mwaka na mchanga ni ule ule wa Kimbiji. Jumamosi niliipima, 256. Hela ya seti mpya nimeanza kuiweka pembeni, kidogo kidogo.