Core i7-4770 na gemu za sasa: pima kwanza

Ndugu, umeuliza kama prosesa yako ya Intel i7-4770 ya mwaka 2013 bado inafaa, au uibadilishe kabla ya kununua kadi mpya ya michoro. Usinunue chochote kwanza. Fungua gemu inayokusumbua, zima V-Sync (mpangilio unaofunga kasi ya picha kwenye kasi ya skrini), angalia fremu (picha) kwa sekunde, kisha shusha rezolusheni kutoka 1080p hadi 720p bila kugusa kitu kingine. Fremu zikipanda sana, kadi ndiyo iliyozidiwa. Zikibaki palepale, prosesa ndiyo inayobana, na kadi mpya haitakusaidia.

Prosesa hiyo ina viini 4 na nyuzi 8, tena ina AVX2, seti ya maagizo ya prosesa ambayo bila hiyo baadhi ya gemu mpya hazifunguki. Kwa fremu 60 kwa sekunde, gemu nyingi bado zinachezeka. Kero ni kukwamakwama ghafla ukiingia mjini penye watu wengi, hata wastani ukionekana mzuri. Hakikisha RAM ni vijiti viwili vya GB 8, si kimoja cha 16, maana kimoja hukata upana wa kumbukumbu nusu. Kadi ya RX 6500 XT iepuke kabisa: inatumia njia 4 tu za PCIe (kiungo cha kadi na ubao mama), na kwenye PCIe 3.0, kama ya prosesa yako, inapungua kasi waziwazi. Ukiamua kuhamia prosesa ya kisasa, ubao mama na RAM yako ya DDR3 navyo vitabadilishwa.