Kidonge cha mzee kimetoka kizima

SWALI: Baba mkwe wangu ana miaka 74 na ana kisukari. Mwezi uliopita alibadilishiwa metformini ya kawaida, akapewa ya XR, yaani inayoachia dawa polepole, vidonge viwili vya miligramu 500 kila jioni. Juzi aliniita pembeni kwa aibu: kidonge kimetoka kizima chooni. Anaamini tumeuziwa feki, nami sasa namsagia kwenye uji. Nakosea? – Mama Eliya, Kiborloni, Moshi

JIBU: Mama Eliya, acha kusaga leo hii. Alichokiona mzee ni ganda tu. Dawa ilishatoka humo.

Wewe mpika uji utanielewa upesi. Unga ukiumwaga kwenye maji ya moto bila kukoroga, unapata madonge. Pasua moja: nje linateleza, katikati unga mkavu. Watengenezaji wa dawa hulitafuta donge hilo kwa makusudi. Unga wao ni haipromelosi, yaani selulosi (ile inayojenga nyuzi za mimea) ya miti au pamba iliyobadilishwa. Selulosi ya asili haiyeyuki majini, ndiyo maana shati la pamba haligeuki mlenda kwenye beseni. Wakemia wakiipachika vikundi vya atomi viitwavyo methili na haidroksipropili, minyororo ya molekuli zake huachiana, maji hupenya, nayo huvimba ikawa ute. Dawa hupita kwenye ute huo kidogo kidogo, huku ute wenyewe ukimomonyoka, kwa saa kadhaa. Hapa dukani, karibu na soko la Mbuyuni, huwa natumbukiza kidonge kimoja kwenye glasi ya maji asubuhi, mchana nawaonyesha wateja: kimevimba, kinateleza kama bamia. Na kwa kuwa tumbo la binadamu haliwezi kumeng'enya selulosi, mabaki hutoka yakiwa laini, na umbo lake lilelile.

Ukikisaga, dawa ya usiku kucha inamwagika kwa mkupuo. Kwa metformini, tumbo litamsokota na ataharisha. Kwa nifedipini ya aina hii, ile ya presha, ningeogopa zaidi: presha inaweza kushuka ghafla mzee akaanguka.

Kuhusu feki, mpime sukari asubuhi kabla hajala, uandike namba, uzipeleke kliniki. Kama kumeza kunamshinda, mwombe daktari amrudishie ile ya kawaida, ya mara mbili au tatu kwa siku. Akiendelea na hii, ameze kizima pamoja na chakula cha jioni, maana chakula hukichelewesha kidonge sehemu ya juu ya utumbo, na huko ndiko metformini inakofyonzwa vizuri.