Tovuti ya Kuhesabu Hatua Ina Faida?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani na kutwa niko kitini. Mwezi uliopita nilijiandikisha katika tovuti ambayo kila jioni unaiandikia hatua ulizotembea, nayo inakupa alama na kukulinganisha na wenzako. Wiki mbili za kwanza nilijitahidi, hata usiku nikawa nazunguka sebuleni ili zitimie hatua 10,000, huku watoto wakinicheka. Sasa yapata siku kumi sijaifungua. Je, tovuti hizi zina faida, au zinatumalizia bando tu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, faida ipo, lakini haimo katika alama. Kinachomzindua mtu ni kule kuandika, maana wengi wetu hudhani tunatembea sana hadi tuione hesabu. Kuchoka baada ya wiki chache nako ni jambo la kawaida kwa watumiaji wa tovuti hizi, hasa anayeitumia peke yake. Mradi wa hatua 10,000 ulioanzishwa mwaka 2001 mjini Rockhampton, Australia, haukuitegemea tovuti pekee: madaktari waliwahimiza wagonjwa wao watembee, na baadaye wafanyakazi wa ofisi moja waliweza kuunda timu na kushindana na wengine. Basi tafuta wenzako watatu hapo kazini, ili kila siku awepo wa kukuuliza, "Leo umeandika ngapi?" isipokuwa siku ile ambayo nyote mmelegea.

Hiyo 10,000 isikunyime usingizi. Ilitokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, ambacho jina lake lilibeba namba hiyo, haikutoka maabara. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linahesabu dakika: mtu mzima apate 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule unaokuwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia. Kuhusu bando, andika hesabu zako daftarini, kisha uziingize zote Jumapili ikiwa tovuti yako inaruhusu.

Ile mizunguko ya sebuleni usiku iache, isipokuwa watoto wakitaka kuzunguka nawe. Wao, wakiwa na umri wa miaka 5 hadi 17, wanahitaji wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku.