Mwache Achote Maji: Kwa Mzazi Ambaye Mtoto Wake Ameanza Kutembea

Ukiona mtoto ameacha vitu vya kuchezea ulivyomnunulia soko la Kongowea, hapa kwetu Mombasa, na sasa anang'ang'ania kopo la kuogea, usizisikitikie pesa zako. Wengi hupitia hapo. Akishatimiza mwaka, mtoto hataki tena kitu cha bandia, anataka kile ulichokishika wewe. Ukipeta mchele, naye anataka ungo. Ukikuna nazi, anataka kukalia mbuzi. Badala ya kumfukuza jikoni kutwa nzima, mtafutie kazi.

Kazi ya huyu wangu ni maji. Namwekea uani karai lenye maji ya kina cha vidole viwili, kopo, na chupa tupu. Basi. Anachota, anamimina, nusu yanaingia na nusu yanamwagika kifuani, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Chupa ikijaa, anaimwaga yote na kuanza upya. Mtu mzima akitazama ataona ni upuuzi, na wageni wamewahi kuniambia hivyo. Lakini hapo mkono unajifunza kuinamisha chombo polepole, na jicho linajifunza kukadiria mdomo wa chupa uko wapi. Siku hizi jagi dogo likiwa mezani anajimiminia mwenyewe, na anayetaka kumsaidia hutazamwa kwa jicho baya.

Najua maji mjini kwetu mara nyingi ni ya kununua kwa mtungi, mfereji ukikauka. Ndiyo maana maji ya mchezo huwa ni yale niliyooshea mchele, na yakishamaliza kazi yanakwenda kwenye shina la mlimau.

Ila hapa niwe mkali kidogo. Nyumba inayohifadhi maji ina ndoo na mapipa kila pembe, na mtoto wa umri huu kichwa chake ni kizito kwa kiwiliwili chake. Akiinama kuchungulia ndoo anaweza kutumbukia kichwa chini na asiweze kujiinua, na maji ya sentimita chache tu yanatosha kumzamisha. Mara nyingi hutasikia kilio. Funika kila chombo, mwaga karai mara mchezo unapoisha, na simu ikilia iache ilie. Usimwachie ndugu yake wa miaka sita amwangalie, naye bado ni mtoto.

Sasa viatu. Utafika wakati mnatoka, tuktuk inapiga honi nje, na yeye amekaa sakafuni anakwambia "mwenyewe!" Ukimvalisha kwa nguvu, mtalia nyote wawili mpaka Buxton. Ugomvi mwingi wa asubuhi nimeuona si wa ukaidi, ni wa saa, kwa hivyo anza mapema kuliko unavyodhani inahitajika. Mwekee viatu vya kubandika, si vya kamba, cha kushoto upande wa kushoto. Fulana ilaze kitandani mgongo juu, upindo ukimwelekea, aingize kichwa. Wewe kaa kando, mikono magotini. Na ukimpa uchaguzi, mpe wa vitu viwili, nyekundu au bluu, maana ukimuuliza "utavaa nini?" atachagua nguo ya Idi. Jambo lisilo na hiari, kama kushikwa mkono barabarani, usilitie kwenye swali kabisa.

Kuna pia suala la wazee. Mavyaa wangu amelea kwa mkono wake, tonge kwa tonge, na akimwona mjukuu anajipaka mbaazi mpaka masikioni huona mtoto hakushiba na mama mtu ni mvivu. Sibishani naye. Namwambia, "Mama, mwache aanze, wewe utammalizia." Mtoto anachovya hamri lake, anakula anachoweza, kisha nyanya anapata matonge yake ya mwisho na dua zake juu. Kula mwenyewe atajifunza tu, na heshima haikuvunjika.

Habari ya simu sitaikalia sana. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa 1 kwa siku, na wote wapate angalau dakika 180 za kujishughulisha kwa mwili. Ukishakuwa na karai, fagio na uani, hizo dakika hujaa zenyewe.

Mahali pa kumtoa hatukukosa, na pengi ni bure. Pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, ile ya Pirates, mpeleke asubuhi maji yakiwa yamekupwa, mchanga ni mgumu na madimbwi ni ya kifundo cha mguu. Lakini usikariri saa. Maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kila siku, hivyo saa ile ile uliyokuta yamekupwa Jumamosi hii, Jumamosi ijayo utakuta yamejaa. Mwezi mpevu au mwezi mwandamo, wakati wa bamvua, yanakwenda mbali sana na kurudi kwa kishindo. Mvishe viatu, maana huko kwenye miamba kuna vile viumbe vyeusi vya miiba.

Jioni kuna bustani ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, kukimbia mpaka achoke. Wauzaji watamwonyesha mabuyu mekundu naye atayataka. Mnyime. Kokwa lile linaweza kumkaba koo, na karanga nzima hali kadhalika, kwa hivyo ngoja afike miaka mitano. Mpe dafu.

Halafu feri ya Likoni, ambayo kwa huyu wangu inashinda bembea zote. Anayevuka kwa miguu halipi kitu, na ukibahatika utamwonyesha meli kubwa ya mizigo ikiingia Kilindini. Atataka kupanda na kushuka mwenyewe, na hapo jibu ni hapana: mbebe mpaka mtoke kwenye ile miteremko yote miwili. Nenda kama saa nne asubuhi, wa kazini wakiwa wameshavuka.